Nilivyompiga Kocha kwa Mkoba

Hasira zangu zitanitia aibu Dubai nzima. Juzi nilitoka saluni mtaa wa Muraqqabat, mtoto mgongoni kwa leso, nikaenda kumtazama mdogo wangu Salim akifanya mazoezi ya basketi chuoni kwao. Basketi ndiyo inayomlipia masomo.

Nikakuta jibaba, kocha msaidizi, anamsukuma kifuani. Salim chini! Akainuka, akasukumwa tena. Nikavamia uwanja na viatu vyangu vya visigino virefu, nikamtandika yule kocha kwa mkoba.

"Khalas, basi! Nani kakudanganya wewe ni kocha?"

Salim akashika kichwa. "Dada, jamani! Huyu ni Mkenya mwenzetu, alikuwa mchezaji wa kulipwa. Mimi ndiye niliyemwomba anifundishe kuanguka!"

Nikajua nimeshamponza ndugu yangu. Lakini kocha alinionyesha tu goti lake, limeshonwa kama gunia.

"Mimi sikufundishwa, dada. Mpira wangu uliishia hapa."

Somo hilo angelitoa nani mwingine? Nikatamani kulibusu lile goti. Kocha akamgeukia Salim.

"Yalla, tuendelee. Dada yako akae pale, mkoba wake nipe mimi."

Uwanja mzima ukacheka, na mwanangu mgongoni akapiga makofi.