Dresa wa Zahanati ya Reli

Dresa, msaidizi wa tabibu katika zahanati ya reli pale Kaliua, hakuwa akimgusa mtoto kabla ya kusugua viganja vyake mpaka vipate moto, na kila mara alinong'ona, "Samahani, bwana mkubwa," kana kwamba anabisha hodi tumboni. Maua alizoea kuitazama mikono tu, maana uso wake aliuogopa. Asubuhi hiyo mwanawe Twalibu alikuwa anachemka kwa homa, hata kulia hawezi. Dresa akafungua kabati, akalifunga. "Sindano zimekwisha, mama. Kijijini zipo." Maua akainamisha kichwa. Kijijini walishamrudisha: mume wako ni wa reli, nenda kwa wenzako wa reli.

Dresa alipoambiwa hivyo alivua kofia ya kazi, akambeba mtoto begani, akavuka reli kwa hatua ndefu, Maua nyuma yake akishikilia kanga isianguke. Kwenye zahanati ya kijiji kina mama walicheka, "Leo reli imejifungua," wakampisha mbele. Muuguzi akamkazia macho. "Huyo si wenu?"

"Ni wetu, na ni wenu vilevile, dada. Baba yake anashindilia kokoto kwetu, mama yake analima shamba lenu la ujamaa. Nani kamwambia achague?"

Maua hakuwahi kusikia jembe lake likitajwa hivyo mbele za watu. Muuguzi akachukua sindano. Twalibu akapiga ukelele, akamng'ang'ania dresa shingoni, na Maua akabaki anawatazama, amesahau hata kunyoosha mikono ampokee.