Mabega ya Mtoto Aliye Mbali

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kizio, na jina lenyewe alilitafuta kwa mikono yake. Ukimjibu kwamba meza ina urefu wa mbili, anakutazama juu ya miwani na kukuuliza mbili nini, ndizi? Mita, sekunde, kilo: usipotaja kizio huoni alama, hata ulie machozi ya damu. Fizikia aliifundisha hivyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi tititi.

Basi mtu huyo ndiye aliyeingia kwa fundi cherehani Jumamosi moja, kitambaa cha bluu kwapani. Alitaka shati la mwanawe wa pekee. Kijana aliondoka ndevu hazijaota, akaenda kusoma kwa mjomba wake. Akamaliza, akapata kazi huko huko na chumba chake mwenyewe. Kila likizo ikikaribia husema atakuja, kisha kazi humbana. Mwalimu, kama mama yeyote, alikuwa amemkumbuka mpaka basi. Akajiambia shati likishashonwa na kutundikwa ukutani, mtoto akisikia ataona haya kutokuja. Akili za mama hizo, usizicheke.

Fundi akashika chaki, akaomba vipimo. Mwalimu akainua kiganja hewani, usawa wa sikio lake, akasema yuko hivi. Fundi akauliza hivi ni inchi ngapi. Makubwa! Mwalimu akapanua mikono kuonyesha mabega, akaipunguza, akaipanua tena.

"Hivyo ndivyo alivyo sasa," fundi akauliza taratibu, "au alivyoondoka?"

Maskini, alikuwa anamshonea mtoto ambaye hayupo tena. Akashusha mikono.

Alikusudia iwe zawadi ya ghafla, lakini potelea mbali. Akampigia simu pale pale. Akamwambia atafute tepu ajipime, kwa sentimita, na jicho likae sawa na alama. Kijana akacheka, akasema mama haachi shule hata Jumamosi. Akataja kifua, akataja mkono. Kwenye mabega akakwama. Alisikika akihangaika na kuhema, akilalamika kwamba akishika huku, kule kunateleza.

Mama akamwambia amwite rafiki mmoja amshikie. Si kila siku anamsimulia jinsi chumba chake kisivyokauka watu?

Kijana akaacha kuhangaika.

"Hakuna mtu, Mama," kijana akasema. "Sina wa kunipima."

Mwalimu akajikalia kwenye kiti cha wateja. Alitaka kumgombeza kwa uongo wa miaka yote hiyo, akaacha. Akamwashiria fundi aweke chaki chini.

"Achana na mabega," akasema. "Njoo nikupime mimi."

Kijana akapenga kamasi, kisha akauliza shule inafunga lini.

"Usingoje shule ifunge, mwanangu."