Mstari wa Makaa Shingoni

Enzi zetu pale mtaani Iftin karatasi haikuwa kitu cha kutupwa. Sukari ikishamiminwa kwenye kopo, ile karatasi yake ilikuwa yangu. Niliikunjua, nikainyoosha juu ya paja mpaka mikunjo ikalala, kisha nikaificha chini ya mkeka. Kalamu yangu ilikuwa kipande cha makaa kilichobaki jikoni baada ya kupikwa anjera, mkate wetu mwembamba wa asubuhi. Wenzangu mliokulia Garissa mnakumbuka asubuhi zile: mkokoteni wa punda ukileta maji kutoka mtoni, vumbi likinukia vizuri baada ya kunyunyiziwa, na maziwa ya ngamia yenye ladha ya moshi ambayo mgeni akionja hukunja uso. Karatasi zikiisha nilihamia ukutani, na ukuta ukijaa nilihamia mchangani, ambako mbuzi walipita na kufuta kazi yangu bila kuomba radhi. Leo mimi ni mwalimu wa sanaa na vibonzo, nina rundo zima la karatasi nyeupe kabatini, na sielewi kwa nini mkono wangu haujawahi tena kuwa mwepesi kama ulivyokuwa juu ya karatasi ya sukari.

Aliyenilea ni bibi yangu. Kwetu bibi ni ayeeyo, na ajabu ya Kisomali chetu ni kwamba bibi naye humwita mjukuu wake ayeeyo. Yeye ayeeyo, mimi ayeeyo. Mgeni akiingia uani akatusikia tukiitana, alidhani sote wawili tuna wazimu. Alikuja Garissa kutoka upande wa Elwak baada ya ukame kuwamaliza ngamia wao, na ingawa hakubaki na hata mmoja, aliamka alfajiri kama mtu mwenye mifugo ya kukama. Akishaswali alinisimulia habari zao mmoja mmoja: yule mkaidi, yule mwenye mguno, yule jike mweupe aliyempenda kuliko wote. Nilisikiliza huku nachora. Nilipochora vibaya nundu alinisahihisha, maana alikumbuka kila nundu ilivyokaa.

Sasa hapa ndipo kilipoanzia kitendawili changu. Kila nilipomaliza ngamia nilimpelekea amwone. Alimtazama sana, akacheka kwa pua, kisha akachukua kipande kile kile cha makaa na kupiga mstari mmoja wa mshazari shingoni mwa yule ngamia.

"Haya, ayeeyo," alisema. "Sasa yuko salama."

Ni hayo tu. Hakueleza, nami sikuuliza. Enzi zetu mtoto hakumhoji mkubwa. Ukiuliza "kwa nini" mara ya kwanza ulitazamwa, mara ya pili ulikemewa, na ya tatu ulijibiwa na kandambili.

Jibu nilijitafutia mwenyewe, nikalipata dugsi, yaani chuoni tulikosoma Kurani. Tuliandika aya kwenye mbao kwa wino wa makaa, tukishazihifadhi tuliziosha, na vidole vyetu vilikuwa vyeusi mwaka mzima. Siku moja maalim alitwambia kwamba anayechora kiumbe chenye roho ataambiwa Siku ya Kiyama akitie roho, naye hataweza. Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Nilihesabu ngamia wangu wote ukutani na kujiona nimekwisha. Halafu nikaona mistari ya Ayeeyo shingoni mwao, na moyo ukatulia. Kumbe ndiyo maana anawakata shingo! Kiumbe aliyekatwa shingo hana roho, na asiye na roho hana kesi. Kuanzia siku hiyo sikumsubiri tena. Nilipiga mstari mwenyewe, kwa ngamia, kwa kuku, kwa paka wa jirani, hata kwa watu. Niliwachinja wote, na nikampenda Ayeeyo zaidi kwa kuniokoa kimyakimya.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Tulikuwa na mwalimu mmoja wa kutoka bara, mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Yeye na sisi tulipishana sana kwa sababu herufi P imetushinda watu wa huku tangu zamani. Siku moja alituambia tuchore bata. Bata hatukuwahi kumwona, na sisi "pata" tunaitamka "bata", kwa hiyo darasa zima lilitazamana likijiuliza limeambiwa lipate nini. Mwisho kila mtu akachora ngamia. Mwalimu alipopita mezani kwangu alisimama, akainama, akauliza kwa huruma kabisa, "Mbona ngamia wako amechinjwa?" Darasa lilicheka wiki nzima. Nilimwonea huruma kwamba yeye hakuwa na bibi wa kumwokoa.

Nilipofika chuo cha ualimu nikaambiwa mstari ule unaharibu mchoro, nikauacha. Siku ya kwanza kuchora mtu mwenye shingo nzima niliigeuza karatasi kifudifudi. Wenye elimu ya dini wana maneno yao juu ya jambo hili na mimi si mmoja wao. Ninachojua ni kwamba sikumwogopa maalim, nilimwogopa Ayeeyo. Niliona nimemsaliti. Kwa hiyo nikaanza kumficha kazi yangu, na nikamficha miaka yote mpaka juzijuzi. Vibonzo vyangu vilijaa sandukuni chini ya kitanda, na akiniuliza nafundisha nini nilisema nafundisha kuandika. Si uongo mtupu, maana kwenye vile viputo vya vibonzo kuna maneno.

Siku hizi Ayeeyo amezeeka na kumbukumbu zinamtoka. Kuna siku ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Nami nilibaki katikati, nikashindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nilitaka ajue mjukuu wake ni nani kabla hajasahau kwamba ana mjukuu. Tena niliogopa kwamba nikimwonyesha, nitakuwa nimemvunja moyo mwanamke aliyenilinda na moto tangu utotoni.

Na pengine ningekaa na hofu hiyo mpaka mwisho, kama si mwanafunzi wangu mmoja, Ifrah. Hawa watoto wa siku hizi nawapenda lakini wananichosha. Hawajui kupaka makaa. Wanachora kwa kidole kwenye simu, wakikosea wanagonga mara moja na kosa limekwenda, sisi tulifuta kwa mate. Watu wao wote wana macho makubwa kama sahani na nywele zinazopepea mahali pasipo upepo. Ukimwambia mtoto achore jirani yake wa Garissa, anachora mtu ambaye hata Garissa hakuwahi kupita. Ifrah angalau anachora msichana mwenye hijabu anayeruka juu ya soko la mifugo. Mwezi uliopita alinionyesha ukurasa mpya, na shingoni mwa kila mtu nikaona maandishi ya mshazari yamepita.

"Mbona umewachinja watu wako?" nikamuuliza, na nikajisikia nimekuwa yule mwalimu wa bara.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mzee. "Ticha, si kuchinja bana. Hiyo ni jina yangu. Nikibost hii bila alama, kesho mtu ameiba, anasema ni yake. Sasa iko sawa, iko salama."

Niliketi. Wallahi nilitafuta kiti nikaketi. Kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo kila mtoto wa wafugaji analijua, nami nililijua siku zote bila kulifikiria: ngamia hutiwa alama ya moto ili akipotea arudishwe kwa wenyewe. Kila ukoo na alama yake. Wengine huipiga pajani, wengine shavuni, na wengine shingoni.

Je, ikiwa Ayeeyo hakuwa anawaua ngamia wangu? Ikiwa alikuwa anawatia kwenye kundi la nyumbani, yeye ambaye kundi lake lilikufa lote? Ikiwa ni hivyo, basi nimejificha bure miaka yote, na mtu aliyependa michoro yangu kuliko wote nimemnyima.

Nilirudi nyumbani mbio nikamuuliza alama ya ngamia wetu ilikuwa wapi. "Pajani," akasema. Kesho yake nikauliza tena, akasema, "Shingoni, wewe hujui?" Siku ya tatu akasema sisi tulikuwa watu wa mbuzi, ngamia walikuwa wa majirani. Mama yangu nilipompigia simu alisema, "Mstari gani?" Maalim wa dugsi alishafariki, Mungu amrehemu. Nilikaa uani na kikombe cha chai mpaka kikapoa, kichwa kimenivurugika, sijui nimeokolewa au nimedanganyika, na kama nimedanganyika, aliyenidanganya ni mimi mwenyewe.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala ya adhuhuri, nikakata shauri. Nilikaa mbele yake kwenye mkeka, nikachukua kipande cha makaa jikoni kama zamani, na nikamchora yeye mwenyewe. Nilimchora macho, mikunjo ya mashavu, tasbihi mkononi, na shingo nzima bila mstari. Hakuuliza nafanya nini. Nilipomaliza nilimwekea karatasi mapajani.

Aliitazama sana. Akacheka kwa pua, kile kicheko cha zamani. "Huyu nani?"

"Ni ayeeyo," nikasema, na neno likishanitoka nikaona limebeba watu wawili.

"Ayeeyo wangu?" Akainua uso akanitazama, akarudi kwenye karatasi, na nikaona wasiwasi umemwingia. "Mbona hana alama? Atapotea huyu. Nani atamrudisha?"

Alinyoosha mkono, nikampa makaa. Akapiga mstari wa mshazari shingoni, umepinda, unatetemeka, umeanzia chini ya sikio mpaka kwenye tasbihi. "Haya," akasema. "Sasa yuko salama."

Nililia palepale, na mpaka leo sijui nililia kwa nini hasa. Sijui alimtia alama nani, yeye au mimi. Sijui hata kama maneno yake ya Ijumaa hii ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake wakati ule, kwa maana nilipomuuliza tena Jumapili aliniambia yeye hajawahi kushika makaa ila ya kupikia. Lakini sanduku nimelitoa chini ya kitanda. Kila jioni namfungulia ukurasa mmoja wa vibonzo, na kila jioni anashangaa upya.

Ule mchoro nimeutundika darasani. Jana mtoto mmoja wa mbele aliinua mkono akauliza mbona yule bibi amechinjwa, na kabla sijafungua mdomo Ifrah akamjibu kwamba hajachinjwa, ana kwao. Watoto hawa nawacheka kwa macho yao ya sahani, lakini jambo moja nawaonea wivu: wao huuliza, tena huwauliza hata wakubwa, bila kuogopa kandambili. Enzi zetu mwenye majibu yote alikuwa ameketi mkeka mmoja nami, makaa mkononi, nikaogopa kumuuliza neno moja. Siku hizi uoga umenitoka, nauliza kila asubuhi, na yeye bado ameketi palepale, ananimiminia chai, ananiuliza mimi ni binti wa nani.