Mstari wa Baba

Nkusi, fundi wa nguo wa Mbugangari, ng'ambo ya mpaka wa Goma, hakuamini kiuno cha mtu mpaka akipime mwenyewe. Mteja akiapa hajanenepa, yeye anachomoa utepe. Ila ubaba wake hakuwahi kuupima. Wa nini? Igihozo, mtoto wake na Vénantie, alipozaliwa, ni yeye aliyewaita watoto wa majirani, wakala maharage kwa makelele, kila mmoja akapendekeza jina, na mwisho baba akatoa lake, kama desturi inavyotaka. Miaka sita sasa. Mtu aliyempa mtoto jina atafute nini tena ofisini?

Jumapili moja mdogo wake Jado, mwenye maneno kuliko kazi, akaleta suruali ikunjwe pindo.

"Mukubwa, uangalie pikipiki za hapa. We ukikufa, hii parcelle, nyumba na kiwanja, ni yetu. Wewe na Vénantie hamukuoana, donc ule mutoto haiko mu karatasi."

Akacheka. Nkusi naye akacheka, akajidunga sindano.

Kesho yake asubuhi alikuwa ofisi ya sekta, mbele ya karani aitwaye Mukashyaka. Karani akafungua kompyuta, akaigeuza Nkusi aone. Mama wa mtoto: Vénantie. Mstari wa baba: mweupe kama shuka mpya.

"Siku ya kuandikisha ulikuwa wapi?"

"Goma, kununua vitambaa. Lakini mi ndiye nilimupa jina, mama! Watoto kumi na moja walikula maharage yangu!"

"Kompyuta haikukula."

Hapo Nkusi akatoa hofu ya harusi aliyoikalia miaka yote. "Bon. Kwanza tuoane, si ndivyo?"

"Nani amekuuliza harusi? Harusi ni mambo yenu wawili. Haki ni ya mutoto. Kuja na mama yake, umukubali mutoto hapa mbele yangu, uweke sahihi."

Vénantie alikuwa uani akikaanga sambaza. Nkusi akamsimulia kwa sauti ya mtu anayeungama wizi. Mwanamke hata hakugeuka.

"Nilijua. Miaka sita nangoja uulize. Ningekuambia, ungesema nakuvuta kwa harusi."

"Ningesema," Nkusi akakubali.

"Basi geuza hizi samaki, nivae kitenge."

Wakaenda ofisini watatu. Fundi anayekata kitambaa bila chaki, siku hiyo akaandika sahihi herufi kwa herufi kama anakata hariri ya askofu. Igihozo akachungulia: "Papa, unapindisha."

Jioni Jado akaja kuchukua suruali. Mara tu alipoketi, Igihozo akamwekea mapajani karatasi ya kuzaliwa kutoka ofisini.

"Baba mudogo, soma. Kwa sauti."

Jado akasoma. Alipofika penye mstari wa baba, akalitamka jina la kaka yake polepole, akitafuta mzaha wa kuubandika hapo. Haukupatikana.

"Sawa," akasema, akiirudisha. "Suruali yangu iko wapi?"

"Haujamaliza," Igihozo akamwambia, kidole chini kabisa ya ukurasa. "Iko na muhuri. Soma na muhuri."