Mama kaifukia diski kwenye mchele

Jamani, leo mama yangu kaifukia diski ya kompyuta kwenye mchele!

Ilikuwa inagonga tak-tak, haifunguki. Namuuliza kulikoni, ananijibu, "Mbona simu ikilowa inapona?"

Msicheke. Humo mna sauti ya marehemu bibi, akisimulia alivyowauzia vitumbua vibarua wa reli pale Gerezani, miaka ya hamsini.

Nikakimbia nayo Kariakoo kwa fundi. Akakung'uta punje za mchele. "Dada, hii inakufa. Chagua faili moja nianze nalo."

Nikachagua la bibi. Akalinakili, akalifungua kulijaribu.

Bibi akakohoa. "Haya, mnanisikia?"

Fundi, bila kufikiri: "Tunakusikia, bibi. Shikamoo."



Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikasubiri aitikie.