Damu ya Mama Nukta

Walimu wapo wengi, lakini Mama Nukta alikuwa mmoja tu, na kwa hilo sitaki ubishi. Alifundisha wataalamu wa maabara kutumia mashine inayosoma chembe za damu kwa mwanga wa leza. Chembe hupita kwa foleni, moja moja, na kila moja huacha nukta kwenye skrini. Kazi ya mtaalamu ni kuchora uzio kuzunguka kundi la nukta na kusema hizi ni chembe gani, nzima au za saratani. Ukikosea uzio, umemkosea mgonjwa, ndiyo maana mama yule hakuwa na mzaha. Mwanafunzi akichora ovyo aliitwa mbele ya wenzake aeleze ile nukta aliyoiacha nje imemkosea nini, na jasho lilimtoka hata kama kiyoyozi kinanguruma.

Lakini roho alikuwa nayo, jamani. Mafunzo yale yanahitaji damu ya mtu asiye na ugonjwa, ya kulinganishia, na yeye hakuwahi kumsumbua mtu. Kila kundi la wanafunzi lilipokuja alikunja mkono wa blauzi, akachomwa sindano na watu wanaotetemeka, huku akiwatania kwamba damu yake imesomwa na watu wengi kuliko gazeti.

Katika kundi moja alikuwemo mama mmoja kijana waliyemwita Kimya. Alitoka hospitali ya mbali iliyopewa mashine kama ile, ila imefunikwa shuka tangu ifike, maana hapakuwa na wa kuiendesha. Akirudi bila cheti, wagonjwa wa kule wataendelea kusafirishiwa damu yao mbali na kusubiri majibu mpaka wachoke. Kwa hiyo siku ya mtihani Kimya aliingia maabara roho mkononi.

Tyubu ya kwanza ilikuwa ya mgonjwa, akaimaliza vizuri. Ya pili ilikuwa damu ya Mama Nukta, na jibu lake kila mtu alilijua: safi. Wenzake walitupia jicho damu waliyoizoea, wakaandika, wakaenda kunywa chai. Kimya akabaki kitini, kwa sababu pembeni mwa skrini aliona kikundi kidogo cha chembe nyeupe zinazofanana mno. Chembe za aina ile huwa mchanganyiko. Hizi zilikuwa kama zimetoka tumbo moja, na hiyo huweza kuwa dalili ya saratani ya damu.

Alidhani amevuruga dawa za rangi zinazotiwa kwenye damu ili mashine izitambue chembe. Akarudia tangu mwanzo, akaosha chembe, akazitia rangi, akazipitisha mashineni. Kikundi palepale. Sasa hebu niambie, wewe ungefanyaje? Angeusogeza uzio kidogo tu, kikundi kingemezwa na kundi kubwa, angeandika safi kama wenzake, na cheti hicho mkononi. Kimya akausogeza kweli. Akautazama kwa muda, moyo ukamsuta, akaurudisha. Akapiga moyo konde, akaenda kumwita mwalimu.

Mama Nukta alikuja amekunja uso, akiamini ni kosa la mwanafunzi. Alimkalia kooni: dawa gani, kiasi gani, tyubu iliandikwa jina la nani. Kimya akajibu yote. Mwalimu akakunja mkono wa blauzi, akaagiza atolewe damu nyingine, na safari hii hakumtania mtu. Waliisoma pamoja. Kikundi kilikuwa palepale.

Mama Nukta akavuta kiti, akaketi. Akamwambia Kimya aandike ripoti kama ya mgonjwa yeyote. Kimya akaandika huku machozi yanamlenga: huenda kuna chembe zisizo za kawaida.

“Hiyo ‘huenda’ umeitoa wapi?” mwalimu akauliza.

“Nimekuonea huruma, Mama.”

“Daktari akiisoma hiyo ataniambia nirudi mwakani. Umeziona au hukuziona?”

“Nimeziona.”

“Basi andika ulichokiona, mwanangu.”

Kimya akalifuta lile neno. Akaandika chembe zilivyo na wingi wake, akaandika kwamba mgonjwa aonwe na daktari wa damu bila kuchelewa, akatia saini yake chini. Nakwambia, watu wazima na digrii zao wameshindwa kuandika sentensi kama ile kwa mtu wasiyemjua, sembuse kwa mwalimu wao aliyekaa ubavuni.

Mama Nukta aliisoma polepole, mstari kwa mstari, kama alivyosoma za wote. Hakukuta pa kusahihisha. Akamwambia Kimya akaifunue ile mashine yao, cheti atakipata. Kisha akavua koti la maabara, akachukua ripoti, akaenda kumtafuta daktari.