Badibanga ku B, Shambuyi ku S

Bwana yangu Rigobert hakujua kukaa. Ukimpa kiti, anakaa kidogo, anainuka, anakwenda kuangalia kama mlango umefungwa, anarudi, anaanza kupanga vijiko. Vijiko vyangu, jikoni kwangu! Vikubwa huku, vidogo kule, na akikuta mwiko katikati yao anauliza ni nani ameuweka hapo. Nilikuwa namwambia, Rigo, hapa si biro, hapa watu wanakula. Anacheka, anaacha, na kesho yake vijiko vimepangwa tena.

Nawaeleza haya kwa Kiswahili cha masista walionifundisha kusoma, maana nikisema kama tulivyosema kambini, wajukuu wangu walio mbali watanicheka. Lakini maneno yaliyosemwa siku zile nitayaacha jinsi yalivyotoka mdomoni. Mimi Kapinga sipendi kumsahihisha mtu aliyekwisha kusema.

Ilikuwa Elisabethville, miaka ya hamsini inaanza, katika kambi ya kampuni moja ya ujenzi iliyochoma matofali yake yenyewe. Moshi wa tanuru ulikuwa chakula chetu cha asubuhi. Rigobert alikuwa karani katika biro, ofisi ya wafanyakazi, na kazi yake ilikuwa fishi. Kila mfanyakazi alikuwa na fishi yake, kipande cha karatasi ngumu chenye jina, kijiji, mke, watoto na nyumba aliyopewa. Fishi zote zilikaa ndani ya tiroir, yale masanduku marefu ya mbao ya kuvuta, kuanzia A mpaka Z. Fishi yako ikiwa mahali pake, una kazi, una nyumba, una posho ya Jumamosi. Ikikosekana, wewe ni mpita njia tu. Kwa hiyo watu walimheshimu, wakamwita Karani, hata watoto, hata mimi nikiwa nimekasirika.

Jirani yetu alikuwa Gérard Badibanga, mwashi, mtu wa Kasai kama sisi. Mke wake Constance akazaa mapasa, watoto wawili wa tumbo moja. Kwetu mapasa hawachaguliwi majina: wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga, na baba yao kuanzia siku ile anaitwa Shambuyi, mama yao Mwambuyi. Jina la zamani la baba linawekwa chini. Ukimwita nalo tena, umewatukana wale watoto, na mapasa wakitukanwa wanashikwa na homa. Tulicheza ngoma siku nzima. Sisi wanawake tuliimba zile nyimbo za mapasa zenye matusi, na Padri alipopita na baiskeli yake tuligeuza maneno kidogo, akapunga mkono, akaendelea na safari yake. Basi tangu hapo hakuna mdomo uliotamka Badibanga kambini.

Gérard alipokwenda biro kuwaandikisha watoto, Rigobert alivuta fishi yake kutoka B, akachovya kalamu. Akakwama. Juu, kwa wino mweusi, pameandikwa Badibanga, na chini yake anatakiwa kuandika Mbuyi na Kabanga. Wiki ile Kabanga alikuwa na homa kweli, tulikuwa tunapokezana kumfuta jasho. Rigobert akaogopa mkono wake mwenyewe. Akachukua fishi mpya, akaandika Shambuyi Gérard, akabana ile ya zamani nyuma yake kwa pini, akaiweka ku S. Homa ikashuka. Jioni alinieleza kwa majivuno, kama mtu aliyeleta nyama nyumbani.

Sheria ya biro ilikuwa kwamba jina halibadilishwi bila saini ya muzungu mkuu. Mkuu wa wakati ule alikuwa anafunga masanduku yake kurudi Ulaya. Rigobert akasema nitamsainisha atakayekuja. Akaja mwingine, tukamwita Bwana Tuone, kwa sababu kila ulichomwambia alijibu "tuone", halafu haoni kitu mpaka amekishika kwa vidole vyake. Rigobert akangojea siku ambayo Bwana Tuone ataamka na roho nzuri. Siku hiyo ilikuwa inakuja polepole sana.

Mvua zikaanza. Gérard akapelekwa na kikosi cha waashi kujenga depo huko Kasomeno, njia ya Kasenga, na njia ile wakati wa mvua ni matope matupu. Hapo ndipo Bwana Tuone alipopata wazo la kulinganisha nyumba na fishi. Aliomba orodha ya nyumba kwa shefu wa kambi, orodha ya zamani, ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa. Nyumba ya Constance iliandikwa Badibanga. Akavuta tiroir ya B yeye mwenyewe, akapitisha vidole, mbele na nyuma. Hamna Badibanga. Akatuma aitwe mwanamke anayelala katika nyumba hiyo.

Constance alikwenda amevaa kitambaa chake cha Pasaka, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Rigobert alikuwa mezani pake, na Léonard, karani wa pili, mezani pake. Bwana Tuone akamwuliza yule mama kama yeye ndiye bibi wa Badibanga. Sasa sikilizeni. Nyumbani kwake Constance asingelitamka lile jina hata ukimpa kitenge. Lakini mbele ya muzungu alikumbuka karatasi yake ya ndoa ya misioni, ambayo inasema Badibanga, akaona akileta jina la ngoma mahali pa karatasi ataonekana mwongo. Akawaomba watoto wake msamaha moyoni, akajibu ndiyo, Bwana. Rigobert aliweka jina la mapasa ndani ya tiroir kwa heshima ya kwetu. Constance alilificha kwa heshima ya biro. Heshima mbili hizo zikapishana hapo hapo, na hakuna aliyejua ila bwana yangu, aliyekuwa anaangalia kalamu yake.

Bwana Tuone akasema hakuna Badibanga anayefanya kazi hapa. Nyumba iachwe Jumamosi, iko familia ya mchomeleaji inayongoja.

Rigobert alinieleza haya nikiwa nasonga bukari, ugali wetu. Nikamwuliza yeye alisema nini. Akasema hakusema kitu. Nikaiteremsha sufuria chini, maana nilikuwa na hasira na sikutaka kumwaga chakula cha watoto wangu kwa sababu ya mtu mzima mwenye mdomo asiyeutumia.

Alikuwa na sababu zake, alizipanga kama fishi. Akisema ukweli, atatolewa kazini, na nyumba yetu ya makarani itakwenda nayo. Akiirudisha fishi ku B kimyakimya, Bwana Tuone amekwisha kupitisha vidole mle, Léonard akimwona, na fishi haioti kama uyoga. Akingojea Gérard arudi, labda Gérard ataongea mwenyewe. Nilimwuliza Gérard ataruka matope ya Kasomeno na mabawa gani. Akainuka kwenda kuangalia mlango.

Siku zile nyumba yetu haikuwa na mahali pa kukaa. Yeye anazunguka ndani, mimi nazunguka uani. Nilifua nguo safi. Niliunguza sombe, mboga ya majani ya muhogo, mimi ambaye sijaunguza sombe tangu kuolewa. Na kila jioni Constance alikuja mlangoni, watoto wake wamelala juu yake, akamwuliza Karani kama fishi imeonekana. Naye Rigobert, bila kumtazama, alimjibu kwamba bado anatafuta. Mwenzangu akamshukuru. Alimshukuru, jamani, kila jioni! Mimi nilikuwa nyuma ya pazia natafuna kidole. Tulikuwa tumetuma habari kwa Gérard na dereva wa lori la samaki, lakini lori lenyewe lilikuwa limekwama upande ule.

Ijumaa jioni Kabanga alianza kukohoa. Constance alikuwa anafunga godoro lake kwa kamba, na sisi tulisikia kikohozi kile kupitia ukutani. Rigobert akaja jikoni akanyoosha mkono kwenye vijiko vyangu. Nikauzuia.

"Kesho bakitosha bintu ya Mwambuyi inje," nilimwambia, "ya kwetu nitaitosha mimi mwenyewe, niiweke pembeni ya yake. Utapanga vijiko mu njia."

Hakula. Alitoka akaketi juu ya ngazi, akainuka, akaketi, akainuka. Nilimhurumia, nisiseme uongo. Nilimhurumia na sikumfuata.

Jumamosi ni siku ya posho, watu wote wako kwenye mstari mbele ya dirisha la biro. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha. Kutoka pale niliposimama na kikapu changu niliona godoro la Constance kando ya njia, sufuria zake juu ya godoro, na yeye mwenyewe juu ya kibao, amejifunika na watoto kwa turubai la saruji. Mke wa mchomeleaji alikuwa amesimama mbali, anaona aibu ya kuingia. Dirisha la biro lilikuwa wazi, kwa hiyo yaliyotokea ndani niliyasikia mwenyewe, sikuambiwa na mtu.

Rigobert aliinuka kutoka mezani pake. Alivuta tiroir ya S, akatoa fishi, akaiweka mbele ya Bwana Tuone.

"Fishi iko, Bwana. Ilikuwa ku S. Mimi njo niliitia kule."

Bwana Tuone akauliza sababu gani.

"Alizaa mapasa."

Muzungu aliigeuza ile karatasi, akaona nyingine iliyobanwa nyuma, akasoma jina moja, akasoma la pili. Nilingoja apige kelele. Hakupiga kelele, na mimi ningependa apige.

"Ku biro yangu," alisema, "muntu anazaliwa mara moja."

"Ndiyo, Bwana," Rigobert alijibu. "Lakini bibi yake iko mu mvua."

Bwana Tuone aligeuza kichwa, akatazama dirishani, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alipoona kitu bila kukishika. Akamtuma shefu wa kambi amrudishe yule mama ndani ya nyumba yake. Kisha akamwambia Léonard atoe pini, apasue fishi ya Shambuyi, arudishe ya Badibanga ku B. Kisha akamwambia Rigobert aache ufunguo wa biro juu ya meza, Jumatatu aende kwenye tanuru.

Nilitoka kwenye mstari bila posho, nikaenda kumsaidia Constance kubeba godoro. Lilikuwa zito kwa maji. Siku chache baadaye vitu vyetu nilivitoa nje kweli, kama nilivyokuwa nimemtisha, tukahamia kwenye nyumba ndogo za watu wa matofali, chumba kimoja na moshi mlangoni.

Gérard aliporudi kutoka Kasomeno nilidhani atakuja na samaki wa kutushukuru. Alikuja mikono mitupu. Hakubisha hodi, hakusalimu. Alisimama uani kwetu, mtu mkubwa, shingo imevimba.

"Mimi nilikuomba?" alimwuliza Rigobert. "Batoto yangu balikaa mu mvua juu ya heshima yako?"

Mimi nilikuwa na mengi ya kumjibu Gérard, nikayameza, kwa sababu alisema kweli. Aliondoka, na tangu hapo akipita mbele ya nyumba yetu aliangalia upande wa pili. Constance alikuja kwa siri, akaniletea unga, tukakaa tukiongea habari nyingine.

Kwenye tanuru bwana yangu aliyapanga matofali kwa rangi, yaliyoiva sana huku, yaliyoiva nusu kule, mpaka kapita, msimamizi wa tanuru, akamwuliza kama anataka kuyaandikia fishi. Nyumbani alizidi. Chumba kilikuwa kimoja, mlango mmoja, akauangalia ule mlango mpaka nikatamani kuung'oa. Na jambo lililomchoma kuliko yote ni kwamba watu hawakuacha kumwita Karani. Wachomaji matofali, wanawake wa kisimani, watoto, wote Karani, Karani. Mgeni akitafuta Karani, anaonyeshwa mtu aliyepakwa majivu mpaka kwenye nyusi. Aliwajibu kwa ukali kwamba karani ni Léonard, kwamba yeye karatasi yake inasema kibarua. Walimsikiliza, na kesho wakamwita Karani.

Mvua ziliisha, baridi ikaja, ikapita. Jioni moja nilikuwa nachochea moto nje, Rigobert amesimama kando yangu na vijiko vyangu mkononi, sikuwa na nguvu ya kumgombeza. Gérard akaja kutoka kazini, Mbuyi juu ya mabega, Kabanga anatembea mwenyewe, amemshika baba yake suruali. Wakafika mbele yetu. Gérard akasimama.

"Karani," alisema.

Hakukuwa na ukali ndani yake, wala dhihaka. Ilikuwa salamu tu, ile ya zamani. Nilimtazama bwana yangu, nikaogopa atamwambia habari za Léonard na karatasi.

"Shambuyi," Rigobert alijibu.

Gérard akatikisa kichwa kukubali, akamwinua Kabanga kwa mkono mwingine, akaendelea na njia yake. Ndiyo hayo tu. Rigobert aliniwekea vijiko ndani ya kikapu, vikubwa na vidogo pamoja, akavuta kiti, akakaa. Nikasonga bukari, nikapakua, nikaita watoto, naye alikuwa bado amekaa pale pale. Nikamwekea mkono kwenye paji la uso nione kama ana homa.